Mstari wa Kumi na Moja

Kila siku akitoka shule, Wembe alivua sare, akaitundika msumarini, akanawa mikono hadi viwikoni, kisha akaingia chumba cha mbele. Chumba hicho ndicho kilikuwa karakana ya shangazi yake. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Juu yake palikuwa na bisibisi za kila ukubwa, makopo ya skrubu, kompyuta iliyopasuka kioo pembeni, na chuma cha kulehemu kilichotoa moshi mchungu. Dirisha lilikuwa moja tu, nalo lilitazama ukuta wa jirani, kwa hiyo taa iliwaka mchana kutwa.

Wembe halikuwa jina lake la kuzaliwa. Watoto wenzake walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mkali wa hesabu. Baba yake alifariki Wembe angali mchanga, mama yake alifanya kazi mbali, naye alilelewa na shangazi, dada wa baba yake. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu.

Shangazi alikuwa fundi wa bodi, vile vibao vya umeme vya kuendeshea mashine. Katika kila bodi mna chipu moja, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, nayo ndiyo huiambia mashine lini izunguke na lini isimame. Mwezi ule shangazi alikuwa na kazi ya bodi tatu za mashine za kukandia unga: moja ya kiwanda cha mikate cha mtaani kwao, moja ya kiwanda kingine ng'ambo ya mto, na moja ya jiko la hospitali.

"Chipu huugua kama mtu," shangazi alimweleza Wembe walipoanza kazi ile. "Kumbukumbu yake huharibika, saa yake huchelewa, waya wake hukatika. Lakini yenyewe haitoki jasho wala haisemi kichwa kinaniuma. Kwa hiyo tunaifundisha ijipime. Ikiwashwa tu, ijiulize: kumbukumbu yangu nzima? Saa yangu inakwenda sawa? Swichi zangu zinasema kweli? Na iendelee kujiuliza kila mara, hata katikati ya kazi. Ikikuta kasoro, ikate umeme wa mota na iwashe taa nyekundu."

"Na sisi tutajuaje kama kweli inajipima, shangazi? Isije ikawa inatudanganya."

Shangazi alicheka. "Hapo sasa umeuliza swali la fundi. Tunaitia ugonjwa makusudi. Tunachomoa waya, tunaichelewesha saa, tunaiharibia kumbukumbu. Ikisimama, tunajua iko macho. Isiposimama, imelala, na mashine iliyolala ni mauti."

Kwa ajili ya kazi hiyo palikuwa na fomu, iliyotakiwa na watu wa viwango vya usalama. Ilikuwa na mistari kumi na minne, kila mstari ugonjwa mmoja. Chini palikuwa na nafasi mbili za sahihi, ya aliyepima na ya aliyeshuhudia. Shangazi alimwachia Wembe kazi ya kupima, na Wembe alijivuna sana. Nani mwingine darasani kwao aliweza kuiua mashine na kuifufua?

Mstari uliomchosha ulikuwa wa kumi na moja. Kifuniko cha mashine kina swichi mbili, na kila bodi ililetwa karakanani pamoja na kifuniko chake. Ya kwanza huiambia chipu kama kifuniko kimefunguliwa au kimefungwa. Ya pili kazi yake ni kuichunga ya kwanza. Zikipingana, chipu ijue kwamba moja inasema uongo, na isizungushe kitu. Ili kupima hilo ilikuwa lazima kufungua skrubu nne, kuibana swichi ya kwanza kwa waya ili iendelee kusema "kimefungwa", kisha kuinua kifuniko na kutazama taa nyekundu. Halafu urudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Skrubu zenyewe zilikuwa ndogo kama mbegu za nyanya.

Siku ya kupima bodi zote tatu, shangazi alikuwa mgonjwa wa jino. Shavu lilikuwa limevimba, jicho moja limefumba nusu. "Naenda kwa daktari," alisema kwa shida. "Fanya taratibu, mwanangu. Usikimbizane na mtu."

Wembe alianza vizuri. Alipima bodi ya kwanza, mstari wa kwanza hadi wa kumi, akauruka wa kumi na moja, akaendelea hadi wa mwisho. Alijiambia ule mgumu ataurudia baadaye kwa zote tatu. Bodi ya pili vivyo hivyo. Na ya tatu. Kila alipotia ugonjwa, taa nyekundu iliwaka bila kusita.

Ndipo aliposikia mluzi dirishani. Alikuwa rafiki yake, binti wa nyumba ya tatu, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kumzima.

"We Wembe! Umeolewa na hayo makopo? Fainali imeanza! Darasa letu tumeshafungwa moja!"

"Nimebakiza kitu kidogo tu."

"Kitu kidogo chako ni saa nzima, nakujua. Basi baki, nitakuja kukusimulia."

"Ningoje!"

Wembe alizitazama zile skrubu, akaitazama fomu. Mistari kumi na mitatu imepita, akawaza, huu mmoja utashindwaje? Akashika kalamu. Alama ya vema, alama ya vema, alama ya vema. Akatia sahihi na kutoka mbio.

Shangazi aliporudi hakuweza hata kufumbua mdomo. Aliona fomu tatu zimejaa, akatia sahihi kwenye nafasi ya aliyeshuhudia, mara tatu, akaenda kulala.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Wembe hakulijua. Wiki mbili nyuma, swichi za pili zilikuwa hazijafika, na bodi zilikaa zikiwaka nyekundu siku nzima kwa kuzikosa. Shangazi aliingia kwenye programu akaifunga sehemu ya kulinganisha swichi, apate kuendelea na kazi nyingine. "Nitairudisha," alijisemea. Kisha likaja jino, na akasahau.

Bodi zikafungwa kwenye mashine. Siku kumi zikapita salama.

Alhamisi moja Redio hakufika shuleni. Mchana Wembe alipoingia kichochoro chao, alikuta watu wamesimama vikundi vikundi wakisema kwa sauti ya chini. Mama mmoja alikuwa anafuta macho kwa pindo la khanga.

"Ni baba yake Redio," jirani alimwambia. "Mashine ya kiwandani imemla mkono."

Baba yake Redio alikuwa mkandaji wa unga. Miaka kumi na tisa alikuwa akiamka alfajiri kuwakandia watu mikate. Mashine yake ilikuwa na desturi ya kukanda, kupumzika dakika mbili ili unga utulie, kisha kuendelea yenyewe. Katika zile dakika mbili alikuwa akiinua kifuniko na kukwangua unga ulioganda pembeni. Hilo liliruhusiwa, kwani kifuniko kikiwa wazi mashine haiwezi kuzunguka. Siku hiyo ilizunguka. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na cha tatu haikujulikana kama kitapona.

Wembe aliikumbuka ile fomu, lakini alijifariji kwamba huenda ni jambo lingine, huenda ni umeme, huenda ni mota. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Siku ya tatu msimamizi wa kiwanda alitoa kauli yake, na mtaa mzima ukaisikia. Alisema wameiosha mashine, wameijaribu mara kumi, na kila ukiinua kifuniko inasimama. Tena kuna fomu kutoka kwa fundi, yenye sahihi mbili, kwamba imepimwa yote. Basi mashine haina kosa. Mzee mwenyewe ndiye aliyechezea swichi ili afanye kazi haraka. Mzembe hana kazi tena, na asitegemee msaada wa kiwanda.

Redio alirudi shuleni Jumatatu. Alikaa kwenye dawati lake akaangalia ubao. Kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Jamani, leo mkate msile, mtatafuna kucha!" Wachache wakacheka. Wembe alingoja Redio amjibu kama kawaida yake, kwa maneno ya kumfanya mtu atamani ardhi impasukie. Redio aliendelea kutazama ubao. Siku nzima hakusema kitu.

Jioni ile shangazi alikuwa amekaa na bakuli la chakula mbele yake bila kula. "Kesho mkaguzi wa usalama anakuja kiwandani," alisema. "Ameniita niende na fomu. Namshukuru Mungu tulipima kila kitu, mwanangu. Ingekuwa hatukupima, sijui ningeuweka wapi uso wangu mbele ya yule mzee."

Wembe alifungua mdomo. "Shangazi..."

"Naam, mama."

"Chumvi imezidi," akasema.

Kesho yake alimwomba shangazi aende naye, ambebee sanduku la vifaa. Mwenyewe hakujua kwa nini. Labda moyo ulikuwa umeshaamua, akili ndiyo ilikuwa bado inabishana.

Chumba cha kukandia kilikuwa na ukungu wa unga hata mashine zikiwa zimezimwa. Sakafu ilikuwa imesuguliwa, lakini kwenye mguu wa mashine lilibaki doa la kahawia ambalo mfagiaji hakuliona. Baba yake Redio alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa hadi kiwiko, macho yako sakafuni. Redio alisimama nyuma yake. Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliweka fomu juu ya gunia na kuisoma mstari kwa mstari.

"Wa kumi na moja," alisema. "Swichi zikipingana, mashine isizunguke. Imepita." Akamgeukia mzee. "Fomu inasema hata swichi moja ingekwama, hii mashine isingezunguka. Una la kusema, baba?"

"Nimesema, mama yangu. Sikugusa swichi. Lakini mimi nina mdomo tu, wao wana karatasi."

"Umeona?" msimamizi alidakia. "Karatasi haina chuki na mtu."

Mkaguzi akauliza, "Sahihi hii ya aliyepima ni ya nani?"

"Ni ya huyu mtoto wa kaka yangu," shangazi alijibu. "Namfundisha kazi."

"Mtoto?" Mkaguzi alivua miwani. "Na wewe uliyeshuhudia, ulimwona akipima huu mstari?"

Shangazi aliinama akaitazama sahihi yake. Rangi ilimtoka usoni.

Wembe alimwona mzee anainua macho kutoka sakafuni. Hakumtazama yeye. Aliitazama ile karatasi, kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemng'ata.

"Sikuupima," Wembe alisema.

Ilikuwa sauti ndogo, na mwanzoni hakuna aliyemwelewa. Akarudia. "Mstari wa kumi na moja sikuupima. Kwa bodi zote tatu. Niliweka alama tu, nikaenda kwenye mpira. Shangazi hakujua."

Msimamizi alicheka kwa pua. "Mtoto anamwonea huruma baba wa rafiki yake. Mashine inasimama, tumeijaribu!"

"Mmeijaribu ikiwa imeoshwa," Wembe akasema. "Mstari huu ni wa swichi iliyokwama. Unga ukiingia..." Hakumaliza. Alianza kulia.

Mkaguzi hakubishana na mtu. Alisema, "Tuupime sasa."

Shangazi alipiga magoti mwenyewe, akafungua skrubu nne, akaibana swichi ya kwanza kwa waya. Watu wote walirudi nyuma hatua mbili. Mkaguzi akainua kifuniko kwa fimbo ya ufagio na kumwambia msimamizi awashe.

Mkono wa chuma ukazunguka. Ulizunguka polepole, kifuniko kikiwa wazi kabisa, na taa nyekundu haikuwaka. Mkaguzi akachomoa umeme ukutani.

Shangazi alibaki pale chini. "Programu," alisema, kana kwamba anajisemea. "Niliifunga ile sehemu. Niliifunga mimi, sikuirudisha. Ee Mungu wangu." Kisha akasimama ghafla. "Hospitali! Wapishi wa jioni wanaingia saa kumi!"

Ilikuwa saa tisa na nusu. Mkaguzi alipiga simu hospitali, shangazi akapiga ng'ambo ya mto. Wembe alisikia simu ikiita, ikiita, na kwa kila mlio aliona mkono wa mtu asiyemjua ukiingia kwenye unga. Ng'ambo ya mto walipokea na kuzima mara moja. Hospitalini simu ilipokelewa mara ya nne. Mpishi alilalamika kwamba unga wao tayari uko ndani. "Chomoa waya," mkaguzi alimwambia. "Kanda kwa mikono."

Walipokwenda huko walikuta swichi ya kwanza imeanza kunata kwa unga.

Mambo yalinyooka, ingawa si yote. Mkaguzi aliandika ripoti mpya kwamba mzee hana hatia, na msimamizi alilazimika kuisoma mbele ya wafanyakazi wote. Kiwanda kilimrudisha kazini, kwenye kazi ya kusimamia tanuri, kwa sababu mkono wake haungeweza kukanda tena. Karakana ya shangazi ilizuiwa kutoa bodi hadi fundi mwingine mwenye kibali akague kila programu, na mtoto hakuruhusiwa tena kutia sahihi. Shangazi hakumpiga Wembe wala hakumfokea. Alimwambia tu, "Wewe uliandika uongo, mimi nikaushuhudia bila kuuona. Kila mmoja wetu ana mzigo wake, na tutaubeba bila kutupiana."

Jumapili walikwenda kwa kina Redio. Redio ndiye aliyefungua mlango. Aliwasogelea, akapokea mfuko wa matunda, akamwamkia shangazi. Lakini Redio hakumtazama Wembe.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba karibu na dirisha. Alikuwa anajifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, baba," Wembe alisema, na kupiga magoti.

"Marahaba. Inuka, sakafu ina baridi."

"Nimekuja kuomba radhi. Ni mimi niliyekuumiza."

Mzee alihangaika na kifungo kimoja hadi kikaingia. Ndipo akajibu. "Vidole haviombewi radhi vikarudi. Nitakuwa mwongo nikisema hainiumi. Usiku nasikia vinawasha, na havipo." Alipumua. "Lakini nikuulize. Ile siku ulipochoka, kwa nini hukuiacha ile nafasi wazi?"

Wembe alifikiri. "Nilidhani nafasi ikiwa wazi, shangazi angenigombeza."

"Angekugombeza, naam. Kisha angeshika bisibisi akaupima yeye. Nafasi tupu husema, mwanangu. Humwambia anayekuja nyuma yako: hapa hapajafika mtu, tazama. Wewe uliijaza, ukaifunga mdomo. Uvivu wa siku moja hausababishi haya yote, kwa sababu kazi ambayo haijafanywa inaweza kufanywa kesho. Lakini ukiandika kwamba imefanywa, nani ataifanya?"

Shangazi aliinamisha kichwa, kwa sababu maneno yale yalikuwa yake pia.

"Ulikuja kusema mwenyewe, bila kushikwa shati," mzee aliendelea. "Hilo nalishika. Watu walikuwa wananipita barabarani kama sipo. Sasa wananisalimu. Mwambie mtu aliyeumia kwamba hakujiumiza mwenyewe, utakuwa umempa dawa ambayo hospitali haina."

Redio aliingia na chai kwenye sinia. Alimpa shangazi kikombe, akampa baba yake, akasimama mbele ya Wembe na kikombe cha tatu.

"Bado nimekukasirikia," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Wembe tangu baba yake aumie.

"Najua."

"Nitakukasirikia muda mrefu."

"Sawa."

Redio akampa kikombe. Kilikuwa cha moto sana, na Wembe alikishika hivyo hivyo kwa mikono miwili.

"Kesho shangazi yako na yule fundi mwingine wanaipima ile ya hospitali," mzee alisema. "Nenda ukatazame. Usitie sahihi, tazama tu. Ukiona kuna mstari wameuruka, sema. Na wewe ukichoka, sema umechoka. Hakuna aliyewahi kukatwa mkono na neno hilo."